Nijaze nini kwenye mabeseni ya haidroponiki ya kujaa na kupwa? Niko Malindi

Maweni_Juu
Wakuu, salaam aleikum. Niko Malindi, mtaa wa Maweni. Nimejenga mabeseni matatu ya mbao ya kulimia kwa maji ya mbolea bila udongo, nikayatandika plastiki nzito, kila moja linaingia kama lita mia za kokoto. Tangi liko chini, pampu ya kuzamisha ipo, taima ipo. Pampu ikiwaka maji yanajaa, ikizima yanapwa yenyewe na kurudi tangini kwa bomba lile lile. Nataka kuanza na letasi na rehani kwa sababu mikahawa ya Waitaliano hapa inanunua majani mabichi kila siku ya Mungu. Baadaye pilipili hoho na nyanya.

Kilichonikwamisha ni cha kujaza humo ndani. Kokoto za matumbawe ziko hapa nyuma ya nyumba, bure. Vumbi la makumbi ya nazi lipo dukani, limeshindiliwa kama tofali. Mchanga wa Sabaki unaletwa na lori hadi mlangoni. Halafu kuna muuzaji mmoja ananisukumia vile vidonge vya udongo uliochomwa vinavyotoka nje, kwa bei ambayo ningenunua mbuzi. Aliyewahi kufanya aseme.

Fundi_Bomba
Watamu hapa, jirani. Kabla hujachota hata karai moja, fanya hivi. Chukua konzi ya kokoto hizo, zioshe, zianike zikauke. Zitie kwenye glasi, mimina siki juu yake, kisha weka sikio karibu. Zikitoa povu na kuchemka kama soda, hizo si za kwako. Huna siki, kamua ndimu, ila ndimu ni taratibu kidogo, inabidi utazame vipovu kwa makini. Jiwe likikaa kimya robo saa nzima, endelea nalo.

Matumbawe yatachemka, nakwambia sasa hivi. Tumbawe ni lile lile linalochomwa tanuuni likawa chokaa. Sasa wewe unataka kulilaza kwenye maji yenye mbolea mara nne tano kwa siku. Kila maji yakijaa, jiwe linatoa chokaa kidogo, pH (kipimo cha asidi majini; ikipanda, asidi imepungua) inapanda. Letasi na rehani wanataka 5.5 hadi 6.5. Utaiacha jioni iko 6, asubuhi unaikuta imevuka 7 na inaendelea.

Na usifikiri utashusha kwa asidi ukapumzika. Asidi unayotia inakwenda kula jiwe, jiwe linatoa chokaa nyingine, unatia asidi tena. Beseni la lita mia lina kilo zaidi ya mia za jiwe. Hiyo vita huishindi.

Pwani_Mbichi
Vidonge vya udongo ni vizuri kuliko vyote, tatizo ni mfuko tu. Kama una pesa, nunua ulale usingizi.

Mzee_Sabaki
Vijana wa siku hizi mna vitisho vingi. Mimi nina beseni la matumbawe matupu, niliyaponda mwenyewe kwa nyundo, niko ng'ambo ya daraja la Sabaki. Maji yanajaa na kupwa vivyo hivyo. Mchicha wangu unafika kiunoni, pilipili zinazaa hadi zinavunja matawi. pH sijawahi kupima, wala asidi sijui inauzwa wapi. Kijana wa Maweni, una kokoto za bure nyuma ya nyumba, chota. Usitafutwe pesa.

Fundi_Bomba
Mzee wangu, shikamoo. Sikukatalii unachokiona kwa macho yako. Lakini maji yako unatia mbolea gani?

Mwalimu_wa_Gede
Nami naongeza swali moja juu ya hilo: mzee, tangini kwako kuna samaki?

Mzee_Sabaki
Marahaba. Samaki wapo, perege. Mbolea ya nini tena na samaki wanakula na kunya humo humo?

Mwalimu_wa_Gede
Basi nyote wawili mko sawa, ila mnazungumzia mifumo miwili.

Uchafu wa samaki ni amonia. Bakteria wanaoishi juu ya yale mawe wanaigeuza kuwa naitreti, na mmea unakula naitreti hiyo. Katika kazi hiyo bakteria wanazalisha asidi, kwa hiyo mfumo wa samaki ukiuacha peke yake pH inashuka wiki baada ya wiki, na ikishuka mno bakteria wenyewe wanalegea. Matumbawe ya mzee yanaizima asidi hiyo. Maji yanasimama karibu na 7, pale ambapo samaki, bakteria na mchicha wote wanavumiliana. Wafugaji wengine wa namna hiyo hutia makombe ya chaza kwenye tangi makusudi.

Maweni_Juu hana samaki. Ana mbolea ya dukani iliyoyeyushwa, yenye chuma, fosfeti na kalisi kwa vipimo. Hapo hakuna kinachozalisha asidi ya kutosha kupambana na jiwe. pH ikipanda, fosfeti inashikana na kalisi na kuganda chini ya tangi kama unga mweupe. Chuma nacho mmea haukipati tena, hata kama umekitia. Dalili utaiona kwenye majani machanga ya juu: jani linakuwa manjano, mishipa yake inabaki kijani. Mtu akiona vile anadhani mbolea imepungua, anaongeza. Chumvi inapanda, na chuma bado hakiingii.

Zamani palikuwa na ujanja wa kuloweka kokoto za chokaa kwenye maji ya mbolea ya superfosfeti ili jiwe livae ngozi ya fosfeti, lisiyeyuke. Ngozi ile inachakaa na kazi inarudi upya. Kwa mkulima wa mabeseni matatu sioni faida. Wenye bahati ni waliokuta mawe ya volkano miguuni mwao. Mwaka 1945 jeshi la Marekani lililima mboga kwenye kisiwa cha Ascension, katikati ya Atlantiki, kwa mabeseni ya kokoto za volkano za pale pale kisiwani, maji yakiingizwa kwa chini kama haya yenu.

Bi_Rehani
Assalaam aleikum. Mimi niko Lamu mjini, nalima rehani na dania juu ya dari. Ningependa tuongee kuhusu uzani, maana naona hakuna aliyegusa.

Maweni_Juu hakusema mabeseni yako chini au ghorofani. Kama ni chini, pita. Kama ni juu, piga hesabu kwanza. Beseni la mita moja kwa mita moja lenye kina cha sentimita 25 ni robo ya kyubiki, yaani robo ya mita ya ujazo. Kokoto za kawaida hapo ni kama kilo 400, na maji yakijaa unaongeza kama kilo mia. Nusu tani kwa mita moja ya mraba. Nyumba zetu za kale dari zake ni boriti za mikoko, juu yake mawe na chokaa, na boriti nyingine zimekaa pale tangu enzi za mababu. Mimi sikuthubutu. Nilitumia pamisi, yale mawe mepesi ya volkano ya Bonde la Ufa, uzani wake ni chini ya nusu ya kokoto.

Sasa makumbi. Sisi huku makumbi ni jadi, lakini sikilizeni vizuri. Makumbi ya kutengenezea kamba huvundikwa pwani kwenye tope, maji ya bahari yanayapitia miezi hadi yalainike, ndipo yapigwe upate usumba, zile nyuzi za kusokotea kamba. Vumbi linalobaki hapo limejaa chumvi. Ukilitia beseni moja kwa moja, mche unakauka ncha za majani kama umeunguzwa na kaskazi. Hata yale matofali ya dukani usiyaamini kwa macho. Yaloweke kwa maji matamu, kamua, onja yale maji au pima kwa mita ya EC, ile inayopima chumvi iliyoyeyuka majini, rudia hadi maji ya kukamua yakaribiane na maji uliyotia.

Tena kuosha peke yake hakutoshi. Makumbi yameshika sodiamu na potasiamu ndani yake, na ukija na mbolea yanaachia hizo na kunyakua kalisi na magnesiamu yako. Loweka usiku mmoja kwenye maji ya naitreti ya kalisi, mwaga, suuza, ndipo upande.

Maweni_Juu
Ahsanteni sana, mmenifungua macho. Fundi, nimefanya jaribio lako la siki sasa hivi. Ile glasi imechemka mpaka mwanangu ameomba kuonja. Matumbawe nimeyaaga.

Bi Rehani, mabeseni yako chini, uani, chini ya banda la makuti. Kwa hiyo uzani haunisumbui. Maswali mawili: makumbi yakishaoshwa na kulowekwa vile, naweza kujaza beseni zima? Na hiyo pamisi, stima ikipotea mchana kutwa, mimea inabaki hai?

Bi_Rehani
Usijaze beseni zima makumbi. Kwa mfumo huu yanaelea. Maji yanapopanda yanabeba vumbi lote, miche inayumba, na yakipwa vumbi linakwenda moja kwa moja kwenye pampu. Tena yanabaki yamelowa mno, hewa haipiti, mizizi inaoza. Ukiyataka, yatie kwenye vikopo vyenye matundu chini, tandika kitambaa cha neti ya mbu ndani, kisha simamisha vikopo beseni. Maji yajae hadi theluthi ya kikopo tu, makumbi yatajivutia mengine. Mimi miche midogo yote naanzishia hivyo, ikishika mizizi naihamishia kwenye pamisi pamoja na kitita chake.

Fundi_Bomba
Hapo kwa stima ndipo penyewe. Watu wengi huuliza kipi kinaotesha vizuri. Mimi nawauliza wateja wangu: siku umeme umekatika saa nne asubuhi mwezi wa pili, kaskazi linavuma, mizizi itakunywa nini? Ukishajibu hilo, cha kujaza kinajichagua.

Kokoto laini ya mtoni haina tundu, inashika maji juu ya ngozi yake tu. Kwa joto la Malindi, letasi kwenye kokoto tupu inaanza kusinyaa mapema sana pampu ikinyamaza. Pamisi ina matundu hadi ndani, kwa hiyo inakuvusha mchana ukiwa na kivuli. Vidonge vya udongo viko katikati ya hivyo viwili. Makumbi yanashika kuliko vyote, lakini Bi Rehani ameshaeleza gharama yake.

Kwa hiyo pamisi: jaza mara nne au tano kwa mchana, maji yakae dakika kumi au kumi na tano kisha yapwe, na usiku mara moja inatosha. Kokoto: ongeza mara mbili hivi. Usiache maji yakae juu muda mrefu ukidhani unaisaidia mimea. Maji yanapopwa ndipo hewa mpya inavutwa hadi kwenye mizizi, na hiyo ndiyo faida yote ya mfumo huu. Maji ya nyuzi 30 yanashika oksijeni kama miligramu 7.5 kwa lita, wakati ya nyuzi 20 yanashika 9. Yetu huku yako moto kila siku, kwa hiyo mzizi unategemea hewa ya kwenye beseni kuliko ile ya majini. Tangi lifukie au lifunike. Mizizi ikiwa ya kahawia na inateleza ukiigusa, joto limeshaleta kuoza.

Ukubwa: tafuta mawe ya milimita 8 hadi 16, kama punje ya hindi hadi ncha ya kidole gumba. Yawe ya saizi moja. Ukichanganya makubwa na unga wake, unga unaziba nafasi na beseni linageuka tope.

Jambo jingine la kupima mwenyewe. Jaza ndoo ya lita 20 kwa mawe makavu, kisha mimina maji kwa kopo la lita hadi yaonekane juu. Mara nyingi yanaingia lita 8 au 9. Maana yake beseni lako la lita mia linameza kama 40 hadi 45, na matatu kwa pamoja yanakaribia 135. Tangi lako ni la lita ngapi? Kama ni 100, pampu itavuta hewa kabla beseni la tatu halijajaa.

Maweni_Juu
Tangi ni lita 210, pipa la bluu.

Fundi_Bomba
Sawa, linatosha. Ila usiliache lishuke chini ya lita 170. Kiasi cha kujaza kikiisha, kilichobaki kidogo kinakuwa chumvi kali haraka kwa sababu mimea inakunywa maji kuliko mbolea.

Garsen_Leo
Huku Tana Delta tuna makapi ya mpunga hadi tunayachoma. Yanafaa?

Mwalimu_wa_Gede
Yanaelea kuliko hata makumbi, na hayashiki maji. Ukichanganya kidogo ndani ya vikopo vya makumbi yanaleta hewa, basi. Kujaza beseni la kujaa na kupwa, hapana. Umwagiliaji wa matone ndio wake.

Kijana_wa_Ngomeni
Mbona mmeuruka mchanga wa Sabaki? Siki nimetia, haujachemka. Na ni rahisi.

Fundi_Bomba
Haukuchemka kwa sababu ni wa mtoni, umetoka bara. Ule wa ufukweni ungechemka, umejaa vipande vya makombe, na chumvi juu yake. Kwa kemia, mchanga wa mto ni salama. Tatizo lake ni punje: ndogo, zinabana, maji yanapanda lakini hayapwi. Kule chini beseni linabaki bwawa. Na Sabaki yenyewe si unaijua, msimu wa mvua inashusha udongo mwekundu hadi bahari ya Malindi inageuka chai. Huo udongo mwembamba umo kwenye mchanga, utauosha hadi uchoke. Lakini ukipata mtu wa kuuchekecha, ule mchekecho mkubwa unaobaki juu ya chekeche, vijiwe vya mtoni, huo uniletee mimi nitanunua.

Bi_Rehani
Kuna kimoja hamkukitaja. Magae. Vyungu, mitungi na vigae vya paa vilivyovunjika. Ukivigonga hadi saizi ya punje za hindi, ukachekecha vumbi, ni udongo uliochomwa kama vile vidonge vya bei ya mbuzi. Vinanyonya maji, havielei, havichemki kwa siki. Kazi yake ni jasho la kugonga tu, na kingo zake ni kali, jifunge kitambaa mikononi. Dada mmoja jirani yangu amejaza beseni zima hivyo na dania yake inanishinda. Jihadharini tu na vyenye rangi ya kung'aa au saruji iliyogandia, saruji ni chokaa tena.

Mwalimu_wa_Gede
Magae ni jibu zuri, nakubali. Sasa Maweni_Juu, kuna jambo litaharibu hata pamisi: maji yako. Unatumia ya kisima au ya mfereji?

Maweni_Juu
Kisima, mwalimu. Yana kachumvi kidogo lakini tunaoga.

Mwalimu_wa_Gede
Hapo ndipo kwenye kazi. Visima vingi vya Malindi vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, kwa hiyo maji yenyewe yameshabeba chokaa kabla hayajafika beseni. Jaza sufuria, chemsha, mwaga, tazama utando mweupe chini. Ule ndio. Tena karibu na bahari, kisima kikivutwa sana maji chumvi yanasogea kwa chini. Ukijaza pamisi safi halafu ukaizungusha na maji hayo, umeleta matumbawe kwa mlango wa nyuma.

Tofauti ni kwamba chokaa ya majini ina mwisho. Unapima, unatia asidi kiasi, pH inashuka na inakaa. Chokaa ya jiwe haina mwisho. Lakini chumvi ya kisima huitoi kwa asidi. Pima EC ya maji matupu. Ikisoma 1 mS/cm au zaidi kabla ya mbolea, letasi itakusumbua, changanya na maji ya mfereji yanayotoka Baricho au maji ya mvua. Banda lako ni la makuti kwa hiyo mvua huvuni vizuri, lakini jirani mwenye bati hakosekani.

Mzee_Sabaki
Mwalimu, mimi nataka kujua, nikihamisha perege nikaanza mbolea ya dukani, mawe yangu ndiyo basi?

Mwalimu_wa_Gede
Ndiyo basi, mzee. Baki na perege wako.

Maweni_Juu
Uamuzi wangu: pamisi mabeseni mawili, magae beseni la tatu nilinganishe. Miche kwenye vikopo vya makumbi yaliyoshughulikiwa kama alivyosema Bi Rehani. Nimeongea na dereva wa lori anayeshuka kutoka Naivasha, kule mashamba ya maua yanaitumia kupandia waridi. Anasema hawezi kuleta kidogo, ni lori dogo zima. Mimi sihitaji hata nusu kyubiki.

Fundi_Bomba
Nichukulie kyubiki mbili. Na mwambie isiwe ile ya kufyatulia matofali, hiyo ina unga mwingi. Ikifika, imwage kwenye maji, ioshe hadi maji yatoke safi, na vile vipande vinavyoendelea kuelea baada ya siku moja vitupe. Mdomo wa pampu ufunge neti ya mbu mara mbili, vumbi la pamisi linasaga mapanga ya pampu kama msasa.

Maji yajae yaishie vidole viwili chini ya uso wa mawe, juu pabaki pakavu. Ukipalowesha, ukungu wa kijani unaota na shina linaoza pale linapotoka. Na mara moja moja mwagia maji matupu kwa juu, maana chumvi inapanda na kuganda nyeupe pale juu, hasa kipindi cha kaskazi.

Kijana_wa_Ngomeni
Mimi nusu kyubiki. Nitakuja na tuktuk, isiwe mbali na barabara.

Bi_Rehani
Ikibaki, nami nataka magunia sita. Yapakieni kwenye gari la Mokowe, kutoka pale nitayavusha kwa boti, na gatini nina mtu wa punda. Maweni_Juu, nitumie bei ya gunia kwa ujumbe wa ndani kabla hamjamlipa dereva.